Kwato ya Mtu-Farasi

Fundi alipoanza kumimina dawa kwenye beseni, nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, na vikombe vilikuwa vinagongana.

"Weka chini hilo sinia, mama, kabla hujatuogesha," alisema bila kugeuka.

Nikaliweka juu ya kabati la vitabu. Beseni lilikuwa la plastiki, la bluu, la kumtosha mtoto wa miaka miwili. Pembeni yake, juu ya taulo jeupe, alikuwa amelazwa Mtu-Farasi, kama mgonjwa anayesubiri kuingizwa chumba cha upasuaji. Kutoka kiunoni kwenda juu ni mzee mwenye ndevu. Kutoka kiunoni kwenda chini ni farasi, na miguu yote minne. Kwa urefu ni kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, lakini kumbeba inataka mtu mwenye kifua.

"Itachukua muda gani?" nikauliza.

"Kumvua ngozi? Mpaka saa saba atakuwa mtupu. Baada ya hapo ni kumloweka kwenye maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, tunabadilisha kila wiki, miezi sita, labda minane. Halafu tuone kama atapona."

"Na ngozi haitarudi."

"Mama, umezifuta hizi sanamu miaka kumi na miwili. Unaniuliza mimi?"

Nilijua haitarudi. Nilijua na kitu kingine ambacho yeye hakukijua, na saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi.

Nieleze kidogo, ili mambo yaeleweke.

Mwenye nyumba ni daktari wa upasuaji, amestaafu zamani. Hana mke, hana mtoto, ana sanamu thelathini na moja za shaba. Si shaba ya sufuria. Ni shaba iliyochanganywa na bati, ya kale sana, nyingine zimelala ardhini miaka elfu na zaidi kabla hazijachimbwa. Zote ni za viumbe wa hadithi. Kuna mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, kuna dume la mtu lenye kichwa cha ng'ombe, kuna kijana mwenye vijibawa kwenye vifundo vya miguu. Nilipoajiriwa niliziogopa. Nikaenda kumuuliza mchungaji kama ni dhambi mjane anayemcha Mungu kushinda na sanamu za namna hiyo. Akaniuliza, "Unazipigia magoti?" Nikamwambia ukweli, kwamba napiga magoti nikifuta rafu ya chini. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Basi futa, lakini macho yawe kwenye vumbi."

Daktari mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Glavu za pamba, brashi ya manyoya ya mbuzi, kavu, unaanza kichwani unashuka miguuni. Ule ukijani na ukahawia unaouona si uchafu, aliniambia, ni ngozi. Wakati ndio ulioiotesha, na ukiichuna siku moja huwezi kuirudisha kwa maisha yako yote. Maji ni marufuku. Kwa kunitania akanipa jina la Mama Brashi, na hata wageni wake waliniita hivyo.

Kati ya zote alimpenda Mtu-Farasi. Alisema katika hadithi za watu wa kale huyo ndiye aliyekuwa mganga, na ndiye aliyewafundisha waganga wengine. Kila akipita alimsalimia, "Habari za kazi, mwenzangu?"

Sasa, mimi nina mtoto mmoja, wa kiume, na ameoa binti mwenye mkono mwepesi na moyo mzuri. Anaimba akifanya kazi, huwezi kumnyamazisha. Nilipokuwa naenda kutolewa mtoto wa jicho, nilimwomba Daktari mkwe wangu anishikie nafasi yangu kwa wiki mbili. Daktari akasema, "Mlete. Akifaa, siku utakapochoka kazi hii itakuwa yake." Nilimshukuru Mungu kwa magoti. Nyumbani hakukuwa na mshahara mwingine wa kutegemea.

Nilimkalisha mkwe wangu chini, nikamweleza kila kitu. Glavu. Brashi. Kichwani kwenda miguuni. "Na usitie maji, mwanangu. Hata tone."

"Nimekusikia, mama."

Niliporudi baada ya wiki mbili, nikaingia chumba cha mbele na brashi yangu, nikaanza rafu ya juu, nikashuka. Nilipofika kwa Mtu-Farasi nilishtuka. Kwato ya mguu wa nyuma, wa kulia, ilikuwa inang'aa kama kitasa cha mlango wa hoteli.

Nilimvuta mkwe wangu stoo, nikafunga mlango.

"Umefanya nini pale?"

"Wapi?"

"Usinifanye mtoto. Kwenye kwato."

Uso wake ukaanza kumshuka taratibu. "Nilitaka nikufurahishe. Nilitaka ukirudi uone nimezing'arisha zote. Nilianza na huyo kwa sababu Daktari anampenda. Halafu nikaona inachukua muda, nikaacha."

"Umeng'arisha kwa kitu gani?"

"Limau na chumvi." Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kushika. "Mama, si ndivyo ulivyonifundisha vinara vya kanisani? Na sikutia maji. Hata tone."

Nilikaa juu ya gunia la sabuni. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilimshikisha limau mkononi Jumamosi ya kwanza baada ya harusi, nikamwonyesha jinsi ya kuchovya kwenye chumvi, jinsi ya kusugua kwa mviringo. Nilimkataza maji, nikaona nimemaliza kazi.

Hapo ndipo nilipokosea mimi, na sitamsingizia mtu. Nilipaswa kwenda kwa Daktari saa ile ile. Badala yake nilichukua dawa ya viatu, ya kahawia, nikatia kidogo kwenye kitambaa, nikaipaka ile kwato mpaka ikafanana na nyingine tatu. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaangalia. Huwezi kujua. Mkwe wangu akanibusu mkono. Jioni nilipofungua Biblia nilisoma mstari mmoja mara nne na sikuelewa hata neno.

Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya tano, nikipitisha brashi, nywele za brashi zikatoka na unga. Unga wa kijani, mwepesi, kama ukungu wa mkate. Nikafuta. Kesho yake ulikuwa umerudi, na umeongezeka. Kufika Jumapili ulikuwa umepanda mpaka kwenye kifundo.

Daktari aliuona Jumatatu. Hakupiga kelele. Alivaa miwani yake, akainama, akakaa ameinama muda mrefu, akasema, "Ni chumvi. Chumvi ikiingia ndani ya shaba hii haitoki. Inakula kila siku, na kila unyevu unapoingia chumbani inapata nguvu." Halafu akacheka kicheko kikavu. "Hadithi inasema alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Sikujua kitanifuata mpaka nyumbani."

Akamwita fundi.

Fundi huyu ana karakana yake nyuma ya soko la vyuma, na watu wote wenye vitu kama hivi humpelekea yeye. Mtu mpole, wa maneno machache, hutembea na lenzi imening'inia shingoni kwa uzi wa kiatu. Mwaka jana ndiye aliyemuunga Mtu-Farasi mkia, akampaka nta ya kahawia mwili mzima. Kwa hiyo Daktari hakuwa na mtu mwingine wa kumshuku.

"Ama ulimwosha kwa maji ya bomba, ama gundi yako ina chumvi. Chagua moja," Daktari alimwambia.

"Daktari, sikuosha kwa maji ya bomba. Na gundi iko kwenye mkia. Ugonjwa uko kwenye kwato."

"Basi niambie chumvi imetoka wapi."

Fundi hakuweza kumwambia. Wiki mbili alikuja kila asubuhi, akakwangua, akapima, akatazama kwa lenzi. Dawa yangu ya viatu ilikuwa imekauka na kuchanganyika na nta yake, huwezi kutofautisha. Wiki mbili nilimpelekea chai. Mwishoni akasema labda ni chumvi ya ardhini, ya zamani, imeamka kutoka ndani, na kama imetoka ndani basi iko mwili mzima, na dawa ni moja tu: kumvua ngozi yote, kumloweka. Daktari akasema, "Fanya Alhamisi. Ukimaliza kusanya vifaa vyako. Na wenzangu wenye sanamu nitawapigia simu mmoja mmoja, wajue."

Ndiyo Alhamisi ninayoisimulia.

Asubuhi ile, kabla sijabeba chai, mkwe wangu alinishika kiwiko jikoni. Wakati huo alikuwa akija siku tatu kwa wiki, kuzoea kazi.

"Mama, leo ikiisha, imeisha. Akishavuliwa ngozi hakuna tena cha kuona. Nyamaza tu."

"Na fundi?"

"Fundi ana karakana. Sisi tuna nini?"

Nilibeba sinia.

Fundi alimaliza kumimina. Harufu ya ile dawa ilikuwa kali, inakata puani. Akavaa glavu za mpira, ndefu, mpaka kwenye viwiko, halafu akazivua tena, kana kwamba amekumbuka jambo. Akachukua karatasi iliyokuwa mezani, iliyopigwa chapa.

"Mama, nisaidie macho. Miwani yangu imeingia mvuke. Hapa nasaini wapi?"

Nikaisogelea. Niliishia shule ya msingi lakini kusoma nasoma. Daktari alikuwa ameandika kwamba uharibifu wa sanamu umetokana na uzembe wa fundi katika matengenezo ya mwaka jana, na kwamba fundi anakiri. Chini palikuwa na mstari.

"Umeisoma?" nikamuuliza.

"Nimeisoma jana."

"Na unasaini?"

Alipandisha mabega. "Nimejiuliza usiku na mchana nilikosea wapi. Sioni. Lakini chumvi haiingii yenyewe, mama. Kama si mimi, ni nani? Nani mwingine amemgusa?"

Alikuwa anauliza kama mtu anayejisemea. Hakuwa ananishuku hata kidogo. Angenishuku ningeona nafuu.

Akasaini. Jina lake lina herufi nyingi na aliliandika lote, taratibu, kwa mwandiko mzuri wa kishule. Akavaa tena glavu, akapitisha mkono mmoja chini ya kifua cha Mtu-Farasi na mwingine chini ya tumbo la farasi, akamwinua. Ndevu za shaba zikafika juu ya beseni.

"Mrudishe chini," nikasema.

"Nini?"

"Mrudishe kwenye taulo. Tafadhali, fundi. Chumvi haikutoka ndani."

Alibaki amemshika hewani. "Mama, usinichezee saa hizi."

"Sikuchezei. Paka spiriti kwenye pamba, futa kwato. Utaona kahawia. Ni dawa ya viatu. Nimeipaka mimi."

Alimlaza. Akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta kwato, mara moja, mara mbili. Pamba ikatoka na kahawia ya dawa ya viatu. Akainusa. Akaweka lenzi jichoni, akainama, na nikaona mgongo wake unanyooka kidogo kidogo.

"Chini imesuguliwa," alisema. "Limau?"

"Limau na chumvi."

"Mwili mzima?"

"Kwato hiyo tu."

"Una hakika? Mama, nitazame. Una hakika ni hiyo tu? Kwa sababu kama ni hiyo tu, natoa unga wote kwa kisu, nasafisha shimo moja moja, naloweka mguu peke yake, nafunga. Ngozi yote inabaki. Lakini ukinidanganya ataoza kuanzia ndani na mimi nitakuwa nimemwacha."

"Nina hakika."

"Nani alisugua?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo njia nzima kutoka jikoni, na jibu nililotayarisha lilikuwa "mimi". Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini lingekuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza, na wa kwanza ulikuwa umelala mbele yetu juu ya taulo. Kumtaja binti wa watu nako sikuweza. Nikasimama pale kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Mama, nani?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Daktari alikuwa mlangoni, na fimbo yake. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

Ndipo nikasikia kandambili zinakuja mbio kutoka jikoni, nikajua ni nani hata kabla sijageuka.

"Ni mimi," mkwe wangu alisema. Alikuwa na povu la sabuni mpaka mabegani. "Ni mimi niliyesugua. Mama hakuwepo, alikuwa hospitali na jicho lake. Nilidhani ni uchafu. Nilidhani nitapongezwa."

"Ulipongezwa?" Daktari akamuuliza.

"Hapana. Nililia."

Daktari aliingia, akazunguka meza, akaangalia ile pamba, akaangalia beseni. Akaichukua karatasi, akaiona imesainiwa. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti, akamgeukia fundi.

"Fundi, nimekutukana wiki mbili."

"Wiki mbili na siku moja," fundi alisema.

"Nisamehe. Kwa wale niliokwisha kuwapigia simu, nitawapigia tena leo, ukisikia kwa masikio yako."

"Nitafurahi kusikia," fundi akasema. "Lakini kwanza nipe kile kisu chako kidogo cha upasuaji. Changu kinene."

Daktari akamtuma mkwe wangu akalete kasha jeusi kutoka chumba cha kulala. Binti alipoondoka, Daktari alinigeukia mimi. Hakuniita Mama Brashi.

"Yule hakujua," alisema. "Kwa asiyejua mtu hufundisha. Wewe ulijua. Nilikufundisha mwenyewe, kwenye meza hii. Ulijua ni ngozi, ukaipaka rangi ya viatu, ukanisalimia kila asubuhi."

"Ndiyo, Daktari."

"Ningekuwa na mgonjwa, na muuguzi anajua kidonda kimeingia uchafu, akakifunga bandeji safi ili nisione, ningemfanya nini?"

"Ungemfukuza."

"Basi."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka kando ya sinia. Nikatoa ufunguo wa chumba cha mbele kwenye kishada changu. Ulikuwa umekaa muda mrefu mpaka pete imeukamata, nikavunja ukucha kuutoa. Daktari alikuwa amenyoosha mkono kuupokea. Niliuweka kiganjani mwake.

Mkwe wangu alirudi na kasha, akaona aproni, akaona ufunguo, akaelewa. "Kama mama anaondoka na mimi naondoka."

"Wewe unakaa," nikamwambia.

"Siwezi kukaa huku wewe—"

"Nimesema unakaa. Umepewa mwalimu, unataka kumkimbia? Osha hayo mabega, shika taa hiyo, mmulikie fundi. Na ukiambiwa kitu usichokielewa, uliza mara ya pili. Mimi sikukuachia nafasi ya kuuliza."

Alilia huku ameshika taa, na mwanga ukawa unacheza juu ya kwato, mpaka fundi akamwambia, "Binti, machozi pia yana chumvi. Rudi nyuma kidogo." Nilisikia Daktari anakohoa, na kikohozi kile kilifanana na kicheko, lakini hakunitazama.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita uani. Nilikuwa nimefika getini niliposikia hatua nyuma yangu. Alikuwa fundi, bado na lenzi kifuani, bado na kile kisu mkononi. Nilidhani nimesahau kitu.

"Wiki mbili, mama," alisema. "Wiki mbili umeniletea chai. Umesimama pale unaniangalia natafuta."

"Ndiyo."

"Siku ya kwanza ungesema, ningeitoa kwa pamba na maji ya betri, tungemaliza kabla ya chakula cha mchana. Sasa imechimba. Nitahangaika nayo mwezi."

"Ngozi itabaki?"

"Itabaki. Kwato itakuwa na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Lakini ngozi itabaki." Alifuta kisu kwenye suruali, akakiangalia, akasema bila kunitazama, "Nilisaini ile karatasi mbele yako."

"Niliona."

"Uliona, na mpaka nimemwinua ndiyo unasema."

Nilitaka kumwambia kwamba kila usiku nilimwombea. Nilimeza maneno hayo, maana hata mimi niliyasikia yalivyo matupu. Nikamwambia, "Nimekukosea, fundi. Sina neno la kujitetea."

Alitikisa kichwa, si kwa kusamehe, wala si kwa kukataa. Kama mtu aliyepokea kifurushi na bado hajakifungua. Alipogeuka kurudi kazini nilikumbuka kitu, nikamwita.

"Sukari iko kabati la juu, nyuma ya majani ya chai. Mkwe wangu hajui, na atakuletea chai isiyo na sukari."

"Vijiko viwili," alisema.

"Namwambia jioni."

Akaingia ndani. Nikafunga geti, nikashika njia ya nyumbani, jua likiwa bado la asubuhi na barabara imejaa watu wanaokwenda kwenye shughuli zao.